Mota ya tredmili kwa mashine ya kukereza: kasi ipunguzwe na puli, si na nobu

Swali limetoka kwa kijana seremala wa Lamu, nalileta kama alivoandika:

"Ami fundi shikamoo. Mimi ni seremala hapa Langoni, natengeza viti na vitanda. Nimepata tredmili mbili mbovu zilotolewa kwenye gesti moja ya Shela, nikazifungua nikatoa mota. Moja nimeitoa pamoja na bodi yake, ya pili bodi ishaungua. Kwenye kibati cha mota kumeandikwa 180VDC, 10A, 2HP, 4500 RPM, zote mbili sawa. Nataka niunde mashine ya kukereza miguu ya samadari, na mbele ya safari mashine ya msasa ya kunolea patasi. Je, nikitia plagi moja kwa moja kwenye stima itazunguka? Na kasi ntaipunguza vipi? Na jirani yangu ananambia ile ya pili niitie mapanga niiweke juu ya paa nifue umeme wa upepo, ni kweli?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutozitupa. Mota hizo ni mali, hapa Malindi naona watu wanauza tredmili (zile mashine za kukimbilia ndani ya nyumba) nzima kwa kilo kwa watu wa skrapu manake skrini imekufa tu ama mkanda umekatika, na ndani mna mota nzima ambayo ukienda dukani kununua mpya ya nguvu hiyo na yenye kubadilisha kasi utatoa pesa nyingi sana. Wewe pia umefanya jambo moja la maana bila kujua pengine, umeweka bodi, ile saketi inayoendesha mota. Wengi wanang'oa mota wanaacha bodi, alafu wanakuja kuuliza mota inawashwaje.

Nianze na hilo la plagi kwa sababu ndo litakalokuumiza. Usiichomeke moja kwa moja. Stima ya ukutani ni AC, inageuka mwelekeo mara 50 kwenda na kurudi kila sekunde, na mota yako ni ya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) yenye sumaku za kudumu zilizogundishwa ndani ya ganda. Sumaku hizo hazigeuki, kwahivyo ukiipa AC rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma papo hapo, haizunguki, inanguruma tu na kutetemeka, waya zinapata moto na moto huo na mkondo mkubwa vinaweza hata kuua nguvu ya sumaku zenyewe. Bas hapo mota ishakwisha.

Kuna mwengine atakwambia weka rektifaya (kifaa cha kugeuza AC kuwa DC) peke yake alafu washa. Itazunguka, ndio, lakini sikiza kinachotokea. Koili za rota zina ohm moja au mbili hivi tu. Mota ikisha shika kasi inazalisha volti zake zenyewe za kupinga zile zinazoingia, ndo maana ikizunguka inakula ampea chache, lakini ile sekunde ya kwanza imesimama haipingi kitu, kwahivyo stima ya 240 ikipita kwenye rektifaya inatoa wastani wa volti 216 na inakutana na ohm mbili, piga hesabu, ni zaidi ya ampea 100. Breka itaanguka, ama kaboni (vile vijiti vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye rota) zitapiga cheche kubwa, ama rektifaya itapasuka. Na isipopasuka, mota itapaa juu ya 4500 kwa mara moja huku umesimama mbele yake na gogo la mbao. Mota hizi zinataka kuanzishwa polepole kutoka sifuri na kazi hiyo ndo kazi ya bodi.

Kabla hujajenga chochote zipime zote mbili. Chukua shafti uizungushe kwa mkono waya mbili nene zikiwa zimeachana, iende laini, labda utasikia inashika kidogo kidogo hiyo ni sumaku, haina neno. Alafu zigusishe ncha za zile waya mbili uzungushe tena: lazima iwe nzito sasa, kama kuna mtu anaishikilia. Ikiwa nzito hata waya zikiwa zimeachana basi ama beringi zimekufa kwa chumvi ama ndani kuna shoti. Kisha ipeleke kwenye betri ya volti 12 ya bodaboda, itazunguka taratibu, kama mara 300 kwa dakika kwa mota yako, ukiitia alama ya chaki kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la kwenye shafti) unaiona ikipita mara tano kila sekunde. Ukigeuza waya inageuka upande. Mwisho weka multimita kwenye ohm za juu kabisa, ncha moja kwenye waya nene na nyengine kwenye ganda la mota palipokwaruzwa rangi, isisome kitu. Ikisoma, fungua kaboni upulize vumbi jeusi, manake vumbi la kaboni linapitisha umeme, alafu pima tena. Mota inayovuja kwenye ganda usiitumie.

Mota yako pia ina waya mbili nyembamba, mara nyingi za buluu. Usizikate! Hizo zinakwenda kwenye swichi ndogo ya joto iliyo ndani, mota ikiwa baridi zinasoma zimeungana, ikichemka kupita kiasi zinaachana. Ntakueleza mbele pa kuziunga.

Sasa niseme lile ambalo ukishika hilo moja tu mashine yako itakuwa mashine. Watu wanaona nobu, kile kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza kasi, wanaona mota inakwenda kutoka sifuri mpaka 4500, wanasema bas nishamaliza, wanafunga mota moja kwa moja kwenye kichwa cha mashine, wanaweka mguu wa kitanda, wanashusha nobu mpaka mbao inazunguka polepole, wanagusa patasi na mbao inasimama. Wanasema mota ya tredmili haina nguvu. Mota ina nguvu, umeizuia wewe.

Nguvu ya mota ni msukumo wake wa kuzungusha mara kasi yake. Msukumo wa mota hii una mpaka unaoamuliwa na ampea, na ampea mwisho wake ni 10. Kwa kibati chako msukumo ni kama nyutoni-mita 3 na kidogo, iwe inazunguka 4500 ama 900. Kwahivyo ukiwa 4500 unapata zile nguvu farasi 2, karibu wati 1,500. Ukishusha nobu mpaka 900, yani sehemu moja ya tano, msukumo ni ule ule na nguvu nayo imekuwa sehemu moja ya tano, wati 300. Hiyo haitoshi kukereza gogo la mbambakofi. Lakini ukiiacha mota izunguke 4500 yake na ukaweka puli ndogo kwenye mota na kubwa mara tano kwenye spindo (shafti inayozungusha mbao), spindo inazunguka 900 ile ile na msukumo umekuwa mara tano, nyutoni-mita 15 na zaidi, nguvu yote ipo. Ni gia za baiskeli unapanda mlima. Tena kuna faida ya pili: feni ya kupozea mota iko kwenye shafti yake mwenyewe, mota ikizunguka polepole na kazi ni nzito inachemka bila upepo, ikizunguka kwa kasi inajipoza.

Kwahivyo jiulize kwanza mbao yako inataka kasi gani. Watu wa kukereza wana kanuni, chukua upana wa mbao kwa inchi uzidishe na mizunguko kwa dakika, jawabu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa samadari wa inchi 4 kwahivyo ni kama 1,500 mpaka 2,250, na hiyo ni ikiwa ishakuwa mviringo. Ikiwa bado ina pembe nne anza chini zaidi, mbao yenye pembe na isiyokaa katikati ikizungushwa mbio inaruka na ikikupiga usoni si mchezo. Vijiti vyembamba vya mgongo wa kiti, vya inchi moja na nusu, vinaweza kwenda 4,000 lakini mimi singefika huko kwa mashine ya kuunda nyumbani, hata 1,800 inatosha.

Mimi ningekushauri puli za ngazi mbili. Ngazi ya kwanza mara mbili na nusu, inakupa mpaka 1,800, hiyo ndo utakayotumia siku nyingi kwa miguu na vijiti. Ngazi ya pili mara tano, mpaka 900, ya kuanzia magogo ya pembe na siku ukitaka kukereza bakuli ama sahani pana. Katikati ya ngazi hizo ndo unatumia nobu. Ukijikuta unafanya kazi na nobu iko chini ya nusu muda mrefu, hamisha mkanda.

Na puli usiende kununua mara moja. Angalia ile rola ya mbele ya tredmili, ile iliyokuwa ikizungusha mkanda wa kukimbilia, ina puli kubwa pembeni yenye mifereji midogo midogo na mkanda wake mwembamba wa mifereji, na puli ndogo ya saizi hiyo iko kwenye mota. Pima kipenyo cha zote mbili, mara nyingi kubwa ni mara tatu ya ndogo ama zaidi. Ukiweza kuitoa ile kubwa kwenye rola kwa uangalifu na kuikalisha kwenye spindo yako, ushapata mkanda unaolingana, kimya na usioteleza. Nyengine ni za plastiki zimeshindiliwa kwenye bomba, hizo usizipige nyundo, kata bomba lenyewe kwa grainda ubaki na kipande utakachokereza kiingie kwenye shafti. Ukikosa, fundi wa leth, yani wa kukereza vyuma, atakukerezea puli ya alumini.

Flaiwili iache palepale ilipo. Najua inaonekana nzito na inachukua nafasi lakini ina kazi mbili, mara nyingi ndo feni yenyewe, na uzito wake unasaidia patasi ikiuma mbao mzunguko usikatike. Ukilazimika kuitoa, jua kwamba kwenye mota nyingi za tredmili uzi wake ni wa kushoto, inafunguka kwa kuzungusha upande unaofungia nati ya kawaida. Na hapo pana mtego. Mota ilikuwa ikizunguka upande ambao flaiwili inajikaza yenyewe. Wewe ukigeuza waya ili izunguke upande wa pili, siku moja mbao ikikwama ghafla flaiwili inaweza kujifungua ikiwa kwenye kasi, chuma cha kilo kadhaa. Kwahivyo kabla hujabomoa zaidi angalia tredmili ilikuwa inazunguka upande gani, chora mshale kwa maki peni kwenye ganda. Spindo ya kukereza lazima sehemu ya juu ya mbao ije kwako. Ikiwa mota inazunguka kinyume, usigeuze waya, igeuze mota yenyewe puli itazame upande wa pili wa mashine, mzunguko utakuwa ule ule kwa mota lakini kwa spindo umegeuka. Isitoshe baadhi ya mota hizi kaboni zimewekwa kwa hesabu ya upande mmoja, ukizigeuza zinapiga cheche zaidi.

Kuhusu bodi. Zipo aina nyingi lakini kwako wewe ni mambo mawili ya kutazama. Kwanza soma ya volti ngapi. Tredmili nyengine zimekuja kutoka Marekani na ni za volti 120, bodi hiyo ukiipa 240 yetu kapasita (vile vikopo vinavyoweka umeme) zinapasuka. Yako mota ni ya 180 kwahivyo kuna matumaini bodi ni ya 220 mpaka 240 lakini usidhanie, soma kibati cha tredmili pale waya ya stima inapoingilia. Ikiwa ni ya 120 utahitaji transfoma ya kushusha yenye nguvu, si ile ndogo ya redio. Pili angalia nobu ama ile sehemu ya kusukuma kasi. Bodi za zamani zinapokea waya tatu kutoka kwenye potenshiometa ya kawaida, hizo ni rahisi, unaweka nobu yako yenye ohm sawa na ile ya mwanzo na mambo yamekwisha. Nyingi zinakataa kuwaka mpaka nobu irudishwe sifuri kwanza, usidhani imekufa, na usitafute njia ya kulizuia hilo, ni kinga yako. Bodi mpya hazina nobu, zinangoja amri ya mapigo ya umeme kutoka kwa skrini, kwahivyo ikiwa skrini yako inawaka itumie hiyo hiyo, ifunge kwenye boksi ukutani mbali na vumbi, utabonyeza kuongeza na kupunguza kama mtu anayekimbia. Sensa ndogo ya kasi iliyo karibu na flaiwili nayo iende na mota, bila hiyo nyingi zinazima baada ya sekunde chache.

Ile koili kubwa nzito ya chuma, ikiwa ilikuwepo kwenye waya ya kwenda kwenye mota, nayo ichukue. Inalainisha mkondo, mota inapoa na kaboni zinaishi zaidi.

Sasa tafadhali soma hapa polepole. Bodi nyingi za tredmili hazijatenganishwa na stima. Maana yake zile waya mbili za kwenda kwenye mota zote mbili zina stima ya kukupiga ukizigusa na wewe umesimama chini, hakuna hasi salama kama ya betri ya gari, na hata miguu mitatu ya nobu yako inaweza kuwa na stima kamili. Kwahivyo nobu iwe na shafti ya plastiki na kishikio cha plastiki, bodi yote iwe ndani ya boksi lililofungwa, na waya hasi ya mota USIIUNGE na fremu hata siku moja. Fremu na ganda la mota viungwe na waya ya ethi ya stima, ile ya kijani na njano, kwenye plagi ya pini tatu iliyo na ethi ya kweli ardhini. Nyumba nyingi za kale za Lamu soketi ina tundu tatu lakini nyuma ya ukuta ethi haipo, na ukuta wa matumbawe unashika unyevu. Mwite fundi stima aipime na aweke breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata stima ikianza kuvuja. Hiyo gharama usiiruke, afadhali uchelewe kununua patasi.

Na ukichomoa plagi usitie mkono papo hapo. Kapasita kubwa za bodi zinaweza kubaki na volti mia tatu na kitu. Ngoja, alafu pima kwa mita, na kama bado imo imalizie kwa kugusisha balbu ya kizamani ya wati 100 iliyo kwenye holda yenye waya.

Swichi ya kuwashia tafuta ile yenye kitufe cha kijani na chekundu ambayo stima ikipotea inajiachia. Wewe wajua hali yetu, stima inapotea saa tisa, unaacha mashine unaenda kuswali Alasiri, inarudi hakuna mtu, na mashine inaanza peke yake na mbao juu yake na mtoto kasimama mlangoni. Swichi hiyo inazuia hilo, na zile waya mbili nyembamba za joto unaziunga kwenye njia ya koili yake, mota ikichemka inajizima na haijiwashi tena mpaka ubonyeze. Kati ya bodi na mota tia fyuzi ya ampea 10. Ule ufunguo mwekundu wenye kamba ambao mtu hujibana nguoni akikimbia pia una faida ikiwa skrini yako bado inafanya kazi, lakini usijibane nao mbele ya mashine ya kukereza, kamba na spindo havikai pamoja. Ufunge chini ya meza usawa wa goti, ukipatwa na jambo mikono imejaa unausukuma kwa goti unatoka.

Fremu ya tredmili usiitumie kuwa kitanda cha mashine, ni bomba jembamba, litatetemeka na utaona mawimbi kwenye kazi yako. Wewe uko mahali pazuri, omba vipande vya mbao nzito kwa mafundi wa majahazi Matondoni, mihimili miwili iliyonyooka ya mvule ama mbambakofi ikae sambamba, chini weka sanduku la mchanga. Mashine ya mbao yenye uzito inakereza vizuri kuliko ya chuma jepesi. Beringi za spindo tumia zilizozibwa pande zote mbili, 6203 ama 6204 zinapatikana duka lolote la vipuri vya pikipiki, na uziweke mbalimbali kadri uwezavyo.

Mota yenyewe ikae chini na nyuma, na uiwekee kizuizi cha ubao ili manyoya ya mbao yasiingie, ila upande wa feni ubaki wazi ivute hewa safi. Kaboni zinapiga cheche muda wote, kwahivyo vanishi na tina usipake karibu na mashine inayozunguka, wala usiache lundo la unga wa mbao chini ya mota. Hewa ya bahari itakula vyuma lakini usipulize mafuta ndani ya mota kama wanavyofanya watu na makufuli, mafuta yakifika kwenye shaba pale kaboni zinaposugua yanashika vumbi na kuunguza. Kila baada ya miezi kadhaa toa kaboni, uzirudishe zilivyokuwa zimetazama, zikibaki thuluthi badilisha. Shaba ikiwa na rangi ya kahawia laini iache hivo hivo, ndo afya yake. Ikiwa nyeusi imechomeka isafishe kwa msasa laini wa mbao, si ule wa chuma mweusi, unga wake unapitisha umeme.

Mota ya pili isiyo na bodi, hiyo ndo ya mashine ya msasa ya kunolea. Nunua dimma ya stima (kifaa chenye nobu cha kupunguza volti) ya wati 4,000, ipo kwenye maduka ya elektroniki Mombasa na wengine wanaagiza mtandaoni, alafu rektifaya ya daraja kama KBPC5010 iliyofungwa juu ya kipande kikubwa cha alumini. Stima inapita kwenye dimma kwanza, kisha rektifaya, kisha fyuzi, kisha mota. Wati 4,000 za dimma hizo usiziamini, hesabu nusu yake na uipe hewa. Usiongeze kapasita baada ya rektifaya hata ukiona mchoro mtandaoni, itapanda mpaka volti 339 na mota yako ni ya 180. Nobu nayo usiifikishe mwisho: weka mita kwenye waya za mota mara ya kwanza, ukifika 180 tia alama na uweke kizuizi nobu isipite hapo. Washa ikiwa sifuri, zima ikiwa sifuri. Dimma haina akili ya bodi, ukibonyeza chuma kwenye msasa kasi inashuka na haijirudishi, kwa kukereza inaudhi lakini kwa kunoa patasi haina shida. Vumbi la chuma ndo adui hapo, sumaku zinalivuta likae ndani, kwahivyo mota hiyo ifungie kwenye boksi lake na hewa ivutwe kwa mpira kutoka upande wa pili wa chumba. Na msasa wa mbao na wa chuma usichanganye kwenye mashine moja, cheche za chuma zikiangukia unga wa mbao zinawasha moto.

Usije ukashawishika kuitumia mota hii kwa mashine ya kukuna nazi, najua ntaulizwa na mtu. Maji ya nazi, mikono mibichi na volti 180 zisizotenganishwa na stima, hapana. Na msumeno wa kupasulia mbambakofi siku nzima pia haiwezi, zile nguvu farasi 2 za kibati ni za mtu anayekimbia nusu saa, ukiibana bila kupumzika itachemka.

Kuhusu upepo, jirani yako hakudanganya lakini hakupiga hesabu. Mota ya sumaku ukiizungusha inafua umeme kweli. Yako inatoa volti 180 ikiwa 4500, yani kama volti 40 kwa kila mizunguko 1,000. Kuchaji betri ya 12 unataka volti 14, kwahivyo inabidi izunguke 350 kabla ya kutoa hata ampea moja. Mapanga ya upana wa mita 2 kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde yanazunguka kama 240, hayafiki. Ukiyafupisha yawe mita 1.2 yanafika 400 hivi, lakini eneo limekuwa dogo na unavuna kama wati 25 peke yake, toa na msuguano wa kaboni. Kusi ikipiga sawasawa utaona zaidi, ikitulia betri yenyewe itaanza kuizungusha mota kama feni usipoweka dayodi ya kuzuia, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Na kaboni juu ya paa kwenye hewa ya chumvi zinataka kupandiwa kila mara. Paneli moja ya sola ya wati 100 jua likiwaka itakupa zaidi ya hiyo na hupandi kwenye paa la makuti, kwahivyo mwambie jirani mota ina kazi nyengine.

Ukishapima kwa betri ya bodaboda nitumie picha tatu: kibati cha tredmili pale stima inapoingilia, bodi ikiwa imelala chali herufi za soketi zake zinasomeka, na puli mbili zikiwa zimelala pamoja na rula. Bado usiiunge na stima mpaka nizione.